SOMO: MIWANI YA KWANZA NI CHOMBO CHA KAZI



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulionea haya, nalo ni macho yanapoanza kuchoka na mtu akalazimika kuvaa miwani kwa mara ya kwanza. Somo limeandikwa kwa ajili ya kila mfanyakazi anayepata riziki kwa mikono na macho yake: fundi cherehani, mkereza vyuma, karani, mpiga chapa, dereva, mfumaji wa nguo, mchambuaji kahawa na fundi umeme. Tunaomba lisomwe tawini kwa sauti, kwa sababu mwenye haja nalo zaidi huenda ndiye ambaye maandishi madogo kama haya yanamshinda.

Shabaha ya somo ni moja. Twataka kila mwanachama aelewe kwamba miwani ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hupimwa kufuatana na kazi yenyewe. Mfanyakazi asiyejua umbali wa kazi yake atapewa miwani ya kusomea gazeti, ilhali kiwandani hasomi gazeti.

1. KWA NINI MACHO HUBADILIKA

Jicho la binadamu hufanya kazi kama kamera. Ndani yake, nyuma ya mboni, mna lenzi inayokusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, yaani utando ulio nyuma kabisa ya jicho. Kijana akitazama mlima ulio mbali kisha akatazama tundu la sindano, lenzi yake hunenepa mara moja ili aone karibu. Kadiri miaka inavyopita lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi hainenepi tena kama zamani, na vitu vya karibu huanza kufifia.

Jambo hili si ugonjwa, wala si kurogwa, wala halikuletwa na kushona sana au kusoma sana. Humpata kila mtu, msomi na asiyesoma, meneja na mfagiaji. Dalili zake zinajulikana. Mtu hulisogeza gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Hushindwa kutunga uzi. Hutafuta dirisha au taa kubwa. Jioni kichwa kinamwuma juu ya nyusi.

Licha ya hali hii ya umri, ziko kasoro tatu nyingine zinazorekebishwa kwa miwani. Ya kwanza ni ya mtu anayeona karibu vizuri lakini mbali hafifu. Ya pili ni ya mtu ambaye jicho lake hulazimika kujitahidi wakati wote, hasa kwa vitu vya karibu. Ya tatu ni ya jicho ambalo uso wake haukuviringana sawasawa, hata mistari ya upande mmoja huonekana wazi na ya upande mwingine ikawa na ukungu. Mtu mmoja aweza kuwa na mbili kati ya hizo, pamoja na ile ya umri.

Mfanyakazi asidhani yuko peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 1 duniani wana kasoro ya kuona ambayo ingeweza kuzuiwa au ambayo haijashughulikiwa. Kati yao, watu milioni 826 walikuwa na shida ya kuona karibu, ambayo kwa wengi dawa yake ni miwani ya kawaida tu.

2. KUFICHA NI HASARA

Wengi wetu huficha. Mshonaji humpa kijana wa jirani amtungie sindano. Karani huomba mwenzake amsomee tarakimu kwa kisingizio kwamba ana shughuli. Mkereza hukisia alama za rula. Sababu ya kuficha ni woga: mtu hufikiri kwamba msimamizi akijua, atasema mzee huyu amekwisha, na kazi atapewa mwingine. Woga huo una msingi, wala hatutaudharau. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekisia alama ndiye anayeharibu kitambaa, na kitambaa kikiharibika hukatwa mshahara. Anayeinamisha uso karibu na mashine inayozunguka ndiye anayepoteza jicho lenyewe au vidole.

Kuna ushahidi ambao kila tawi yafaa liujue, kwa kuwa ni silaha nzuri mbele ya mwajiri. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, watafiti walichukua wachumaji chai 751 wenye umri wa miaka 40 au zaidi walioshindwa kuona karibu. Nusu walipewa miwani mwanzoni, na nusu wakangoja mpaka utafiti uishe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Kiasi cha majani waliyochuma wale waliopewa miwani kiliongezeka kuliko cha wenzao kwa karibu asilimia 22. Miwani ile haikuwa ya gharama kubwa, na hakuna mashine iliyobadilishwa. Mchumaji aliliona jani vizuri, basi.

Utafiti mwingine ulifanyika vijijini Bangladesh, nao ukatangazwa mwaka 2024. Humo walikuwamo watu 824 wa kazi mbalimbali za mikono, wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Baada ya miezi minane, mapato ya waliopewa miwani ya kuonea karibu yalikuwa yamezidi ya wale wasiopewa kwa asilimia 33.

Wachumaji chai wa Fort Portal na Bushenyi hapa Uganda, wa Kericho nchini Kenya na wa Mufindi nchini Tanzania wana macho yale yale na majani yale yale. Wanaolipwa kwa kilo wanaelewa mara moja maana ya asilimia 22. Hivyo basi, mwajiri akisema kwamba miwani ni anasa ya mfanyakazi, ajibiwe kwamba faida yake huingia ghalani mwa mwajiri kila siku.

3. PIMA KAZI KABLA YA KUPIMWA MACHO

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kabla ya kwenda kupimwa, kaa mahali pako pa kazi kama unavyokaa siku zote, bila kujikunja wala kujinyoosha. Mwombe mwenzako achukue utepe wa kupimia, apime kutoka kwenye jicho lako hadi pale kazi inapofanyika: kwenye sindano ya cherehani, kwenye ncha ya kisu cha mashine, kwenye funguo za taipu au skrini, kwenye meza ya kuchambulia kahawa. Andika sentimita hizo katika karatasi. Kama kazi yako ina umbali wa namna mbili au tatu, andika zote. Andika pia kama unatazama chini, mbele, au juu ya kichwa.

Sababu yake ni hii. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho dayopta. Ukichukua 100 ukagawanya kwa umbali wa sentimita, unapata dayopta zinazotakiwa kwa umbali huo:

sentimita 40 – dayopta 2.50
sentimita 50 – dayopta 2.00
sentimita 67 – dayopta 1.50
mita 1 – dayopta 1.00

Kijana hupata dayopta hizo zote kutoka katika jicho lake mwenyewe. Mtu wa miaka 50 hupata sehemu tu, na iliyobaki huongezwa na miwani. Mtu wa miaka 60 na zaidi hutegemea miwani karibu kwa yote.

Tuchukue mfano wa mkereza vyuma mwenye umri wa miaka 60. Anapopimwa, anapewa kadi ya kusoma aishike kwa umbali wa sentimita 40, nayo inasomeka vizuri kwa dayopta 2.50. Anaandikiwa hizo, anaondoka na furaha. Kesho yake kazini anakuta kwamba chuma kilicho sentimita 67 mbele yake kina ukungu. Afanyeje? Anainamisha kichwa mpaka kifike sentimita 40. Sasa uso wake umekaribia mashine inayozunguka na kurusha vipande vya chuma, na shingo inamwuma ifikapo saa sita. Baada ya wiki anaitia miwani sandukuni na kusema miwani haimfai. Kumbe macho yake hayana neno, na aliyempima hakukosea kwa kile alichoambiwa. Kilichokosekana ni tarakimu moja tu ya sentimita, ambayo mfanyakazi peke yake ndiye aliyeijua. Angeisema, angeandikiwa kiasi cha dayopta 1.50 kwa kazi yake.

4. SIKU YA KUPIMWA

Miwani ya kwanza isianze sokoni. Ianze kwa mtaalamu wa macho, hata kama baadaye utanunua miwani ya bei nafuu. Hapa Uganda ziko idara za macho katika hospitali kama Mulago na Mengo mjini Kampala na Ruharo huko Mbarara, na wako maofisa wa tiba ya macho katika hospitali za mikoa. Majirani zetu nao wana huduma za namna hiyo katika hospitali zao kubwa.

Utasimama au kukaa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi. Ubao wa namna hii uliwekwa na daktari wa Uholanzi aitwaye Herman Snellen mwaka 1862. Ukiandikiwa 6/6, maana yake unaona kutoka mita 6 kile ambacho jicho zima huona kutoka mita 6. Ukiandikiwa 6/12, maana yake kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 12, wewe huna budi kusogea hadi mita 6. Asiyejua kusoma asione haya. Upo ubao wenye alama iliyogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, naye huonyesha kwa mkono tu.

Pengine utawekwa mbele ya mashine inayotoa kipimo kwa nafsi yake. Kipimo hicho ni mwanzo tu. Baada yake mtaalamu hana budi kukubadilishia lenzi na kukuuliza, ipi bora, hii au hii? Jibu kwa ukweli. Kama zinalingana, sema zinalingana, nalo ni jibu. Usijaribu kumpendeza mpimaji, wala usikaze macho ili ufaulu, kwa kuwa huu si mtihani wa kupandishwa cheo.

Kisha toa karatasi yako ya sentimita. Omba upimwe kwa umbali huo.

Mwombe pia atazame ndani ya jicho na kupima presha ya jicho. Kuna ugonjwa uitwao glakoma ambao huiba uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Watu wa asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi kuliko wengine, na hatari huongezeka baada ya miaka 40. Miwani ya sokoni haiwezi kuuona ugonjwa huo. Mwenye kisukari naye aseme, maana sukari ikipanda na kushuka kipimo cha macho nacho hubadilika. Ni heri sukari itulie kwanza ndipo miwani iandikwe.

5. KUSOMA CHETI CHA MIWANI

Cheti ni mali yako. Usiondoke bila kukichukua au kukinakili. Tuchukue cheti cha namna hii:

Jicho la kulia: SPH −1.25 CYL −0.50 AXIS 180
Jicho la kushoto: SPH −1.00
ADD +1.50 PD 64

SPH ni nguvu kuu ya lenzi kwa dayopta. Alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali, na alama ya kujumlisha ni ya yule ambaye jicho lake hujitahidi kupita kiasi. CYL ni marekebisho ya jicho lisiloviringana sawasawa, na AXIS ni nyuzi zinazoonyesha marekebisho hayo yaelekee upande gani. ADD ni nyongeza ya kuonea karibu kwa sababu ya umri. PD ni umbali kati ya mboni mbili kwa milimita.

Sasa fanya hesabu ya jicho la kulia. Ukijumlisha −1.25 na +1.50 unapata +0.25, yaani karibu na sifuri. Mtu huyu aweza kuvua miwani yake ya mbali akasoma vizuri bila kitu. Watu humwona wakasema macho yake ni ya ajabu, kumbe ni hesabu tu.

Umbali wa mboni usidharauliwe. Lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho hakina budi kuwa mbele ya mboni. Kikikaa pembeni, macho yote mawili hulazimika kuvutana, na kichwa huuma. Kama PD haikuandikwa, iulize.

6. KUCHAGUA LENZI NA FREMU

Miwani ya tayari. Hii ndiyo inayouzwa madukani na barabarani, imeandikwa +1.00, +1.50, +2.00 na kuendelea. Si sumu, na hatumkatazi mtu. Yafaa kwa yule ambaye macho yake mawili yana kipimo kimoja, hana CYL ya kumsumbua, na amekwisha kuchunguzwa. Haifai kwa mwenye macho yanayotofautiana, kwa kuwa lenzi zake mbili zina nguvu sawa. Ukiinunua, chukua ile yenye nguvu ndogo zaidi inayokuonyesha vizuri kwa umbali wa kazi yako. Yenye nguvu zaidi ya haja hukuvuta pua ikaribie kazi.

Lenzi ya umbali mmoja. Ni rahisi, ni ya bei nafuu, na huzoeleka haraka. Kwa fundi anayekaa mahali pamoja ndiyo bora. Akitazama mbali ataona ukungu, basi aivue au aitazamie juu yake. Miwani ya namna hii isivaliwe kamwe katika kuendesha gari.

Lenzi ya sehemu mbili. Juu ni kwa mbali na chini ni kwa karibu, na mstari unaonekana. Humfaa karani, mwuza duka na dereva anayesoma karatasi za mizigo. Fundi umeme au fundi wa magari anayefanya kazi juu ya kichwa atapata shida, kwani sehemu yake ya karibu iko chini. Kwa watu hao yaweza kutengenezwa lenzi yenye sehemu ya karibu juu pia, lakini usipoeleza kazi yako hutapewa.

Lenzi isiyo na mstari. Hubadilika polepole kutoka juu hadi chini. Ni ghali zaidi, na pembeni mwake mna ukungu. Asiye na haja nayo asishawishiwe.

Kuhusu malighafi, lenzi ya kioo haikwaruziki upesi lakini ni nzito na huvunjika vipande vikali. Ya plastiki ni nyepesi. Ile iitwayo polikaboneti ndiyo ngumu kuvunjika kuliko zote, ingawa hukwaruzika kwa urahisi isipopakwa utando wa kuilinda. Mfanyakazi wa kiwandani asichukue kioo.

Fremu ichaguliwe kwa mambo manne. Kwanza, isishuke puani unapoinama: iname dukani, tikisa kichwa, uone. Wengi wetu tuna pua pana iliyo chini kidogo, kwa hiyo fremu yenye vikalio vya puani vinavyoweza kurekebishwa hutufaa zaidi. Pili, mikono yake isibane juu ya masikio. Tatu, kope zisiguse lenzi. Nne, kama unataka lenzi ya sehemu mbili, fremu iwe na kimo cha kutosha, maana katika fremu nyembamba sana sehemu ya karibu hukatwa ikabaki kipande. Uzuri wa sura uje wa tano. Hatusemi usiwepo, kwani mtu asiyependa miwani yake haivai.

7. WIKI MBILI ZA KUZOEA

Siku ya kwanza dunia itaonekana ngeni. Sakafu huinuka au kushuka, mlango hupinda, ngazi huonekana karibu kuliko ilivyo. Ubongo ulikuwa umezoea picha ya zamani, na sasa unajifunza mpya. Kwa watu wengi mambo hutulia katika siku chache, na kwa wengine huchukua wiki mbili. Fuata utaratibu huu:

(a) Anza nyumbani, siku ya mapumziko kama inawezekana. Usianze zamu ya usiku, juu ya ngazi, au kwenye usukani.

(b) Ivae kuanzia asubuhi, macho yakiwa yamepumzika. Kama ni ya kazi ya karibu tu, ivae kila ufanyapo kazi hiyo. Usiivae leo ukaiacha kesho, wala usibadilishane na ile ya zamani ya jirani.

(c) Ukiwa na lenzi ya sehemu mbili, tazama kazi kwa kushusha macho, kichwa kikiwa palepale. Ukishuka ngazi, inamisha kidevu ili utazame kwa sehemu ya juu, na shika kizuizi. Watu wengi wazima wameanguka kwa kutazama ngazi kupitia sehemu ya kusomea.

(d) Shughulika na mwanga. Miwani haiondoi haja ya taa. Taa ya kazi itoke upande, isipige machoni.

(e) Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, uikaushe kwa kitambaa laini cha pamba. Usiifute kavu kwa shati lenye vumbi la kiwandani, kwani vumbi hilo ni msasa. Ivue kwa mikono miwili. Ilaze lenzi zikiwa juu.

Kama baada ya wiki mbili kichwa bado kinauma, unaona vitu viwili viwili, au jicho moja lina ukungu, rudi ulikopimwa na cheti mkononi. Kurudi ni haki yako. Pengine fremu imepinda kidogo na itanyooshwa papo hapo. Pengine lenzi zilikatwa kinyume cha cheti, na zaweza kupimwa kwa mashine mbele yako. Pengine kipimo chenyewe chahitaji kurudiwa. Usiitupe miwani kimyakimya.

Lakini usingoje hata siku moja ukiona mojawapo ya mambo haya: kuona kunapotea ghafla, mimweko ya mwanga kama radi, pazia jeusi linalofunika upande mmoja, au jicho jekundu lenye maumivu makali. Hayo si mambo ya kuzoea. Kimbilia hospitali.

Wapo wanaosema miwani huharibu macho, kwamba ukianza huachi. Si kweli. Lenzi ya jicho itaendelea kukakamaa mpaka miaka ya sitini, uvae au usivae, na kipimo kitaongezeka kidogo kila baada ya miaka michache. Mtu haachi miwani kwa sababu ameonja kuona vizuri.

8. MIWANI YA KAWAIDA SI MIWANI YA KINGA

Jambo hili lawekewe mkazo na kila mjumbe wa usalama kazini. Miwani ya kuonea haimlindi mtu na vipande vya chuma, kemikali, wala mwanga wa kuchomelea. Kando yake pako wazi, na lenzi yake yaweza kuvunjika ikaingia jichoni. Miwani ya kinga ina alama ya kiwango iliyopigwa juu yake, kama vile Z87 au EN 166. Anayehitaji vyote viwili ana njia mbili: avae miwani kubwa ya kinga juu ya ile ya kuonea, au atengenezewe miwani ya kinga yenye kipimo chake. Fundi wa kuchomelea atumie kioo cheusi cha kazi hiyo. Miwani ya jua haitoshi.

9. KAZI YA TAWI

Tumeeleza mambo ya mtu mmoja mmoja. Sasa tuje kwenye umoja wetu, kwa sababu mtu mmoja akisema haoni vizuri huogopa kufukuzwa, lakini watu mia wakidai kupimwa pamoja hakuna wa kunyooshewa kidole.

Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wake mkuu wa Juni 2022, liliamua kwamba mazingira salama na yenye afya kazini ni miongoni mwa kanuni na haki za msingi za wafanyakazi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 ukawekwa katika mikataba ya msingi. Kifungu chake cha 21 chasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Hapa Uganda tuna sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, Kenya wana ya mwaka 2007, na Tanzania Bara wana ya mwaka 2003. Viongozi wa matawi wazisome. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1990 juu ya kazi za mbele ya skrini lilimpa mfanyakazi haki ya kupimwa macho, na kupata miwani ya kazi hiyo pale ile ya kawaida isipofaa, bila yeye kulipa. Kilichowezekana kwao kimeandikwa baada ya watu kukidai.

Katika majadiliano yajayo na mwajiri, tunapendekeza matawi yaombe mambo manne yaandikwe katika mkataba wa hali bora za kazi:

(i) Wafanyakazi wote wapimwe macho wanapoajiriwa, na waliotimiza miaka 40 wapimwe kila baada ya miaka miwili, katika saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri.

(ii) Miwani inayohitajiwa kwa kazi, pamoja na miwani ya kinga yenye kipimo, inunuliwe na mwajiri.

(iii) Majibu ya kipimo yawe siri ya mfanyakazi na mtaalamu. Mwajiri aambiwe tu kama miwani inahitajika.

(iv) Mtu asiachishwe wala kushushwa kazi kwa sababu ya kasoro inayorekebishwa kwa miwani, na apewe wiki mbili za kuzoea kabla ya kuhesabiwa kiwango kamili cha uzalishaji.

Sharti la nne ndilo litakaloondoa woga tuliousema. Bila hilo, watu wataendelea kuficha, na tutaendelea kuwazika wenzetu kazini wakiwa na miaka 45, ilhali mikono yao ingali na ufundi wa miaka ishirini zaidi.

MASWALI YA MAZUNGUMZO TAWINI

1. Katika kiwanda au ofisi yetu, ni kazi gani zinazohitaji kuona karibu? Zipimwe kwa utepe, kila moja iandikwe sentimita zake.

2. Wangapi kati yetu waliopita miaka 40 hawajapimwa macho hata mara moja? Kura ipigwe bila majina.

3. Je, mwenzetu yeyote amewahi kukatwa mshahara kwa kosa lililotokana na kutoona vizuri? Tawi lifanye nini juu yake?

4. Kati ya yale mambo manne ya mkataba, lipi tuanze nalo, na nani atalipeleka?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe katika daftari la tawi na kubandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Anayekwenda kupimwa ataichukua sentimita yake hapo, aende nayo.